Faili limegoma kwenda: maswali kuhusu ukubwa wa barua pepe na njia za kutuma mafaili makubwa

Ninasimamia seva za barua pepe za ofisi ndogo kadhaa kuanzia Mbozi hadi Mafinga: wapima ardhi, shule, chama cha wakulima wa kahawa, wahasibu. Simu ninazopigiwa zaidi hazihusu virusi wala nenosiri lililosahaulika. Mtu anasema tu, "Fundi, faili limegoma." Nimeyaandika maswali kama ninavyoulizwa, na majibu kama ninavyowajibu watu wangu.

Nimetuma faili, baada ya dakika mbili barua imenirudia na maneno mengi ya Kiingereza. Kuna nini?

Usiifute kwanza. Katikati ya maneno yale kuna tarakimu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, nazo ndizo zinazokwambia tatizo liko wapi. Ukiona 5.3.4, ujumbe ni mkubwa kuliko mfumo unavyoruhusu. Ukiona 5.2.3, umezidi kikomo kilichowekwa kwa sanduku la yule unayemtumia. Lakini 5.2.2 ni habari nyingine kabisa: sanduku la mpokeaji limejaa, na hata salamu ya mistari miwili itarudi. Hapo utapunguza picha kutwa nzima bila faida. Mpigie simu mwenyewe afute vitu.

Tazama pia ni seva ya nani iliyokataa, ya kwenu au ya kwao. Ikiwa ya kwenu, nipigie. Ikiwa ya kwao, hata nikifungua milango yote ya huku barua haitaingia kule.

Kikomo ni kiasi gani hasa?

Gmail inatuma hadi MB 25 kwa barua moja, na inapokea hadi MB 50. Yahoo ni MB 25. iCloud ya Apple ni MB 20. Programu ya Outlook kwenye kompyuta, ukiunganisha akaunti ya kawaida ya intaneti, imewekewa MB 20. Ofisi zinazolipia Microsoft 365 huanza na MB 35 za kutuma, na msimamizi anaweza kupandisha hadi MB 150. Postfix, programu ya seva ya barua ambayo ofisi nyingi hutumia bila kujua, ikiwekwa bila kuguswa huja na baiti 10,240,000, yaani kama MB 10 tu.

Barua hupita kwa wengi njiani, na mwenye kikomo kidogo kuliko wote ndiye anayeamua.

Faili langu lina MB 16, kikomo cha ofisi ni MB 20. Mbona limekataliwa?

Swali hili huwatia watu hasira, na wana haki, kwa sababu hakuna anayewaeleza. Barua pepe ilipowekewa taratibu zake mwaka 1982 ilikusudiwa kubeba herufi za kawaida tu: maandishi, basi. Picha, sauti na PDF hazipiti kwenye njia ile zikiwa kama zilivyo. Mwaka 1992 ukaja utaratibu unaoitwa MIME, ambao hugeuza faili lako kuwa msururu mrefu wa herufi, likasafiri kama maandishi, kisha likarudishwa umbo lake kule linakofika. Katika mgeuzo huo kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, na juu yake kuna alama za kukata mistari. Jumla yake faili linanenepa kwa karibu asilimia 37.

Fikiria parachichi za Rungwe zinavyopakiwa. Ukipima kreti kwenye mizani, umepima na mbao zake. Faili lako la MB 16 likishapakiwa linakuwa kama MB 21.9, na seva hupima kreti zima.

Kanuni ninayowapa watu ni kugawa kikomo kwa 1.37. Kikomo cha MB 10 kinabeba faili la MB 7.3. MB 20 zinabeba 14.6. MB 25 zinabeba 18.2 hivi. Na ukiambatanisha mafaili matatu, jumlisha yote matatu pamoja na ile nembo ya ofisi iliyo chini ya sahihi yako.

Kwa nini msiondoe kikomo kabisa tukapumzika?

Nilishawahi kukubali ombi hilo. Ofisi moja ya michoro ya ujenzi iliniomba niwapandishie hadi MB 60, nikawapandishia. Wiki hiyohiyo wakamtumia mhandisi wao mchoro wa MB 40. Yeye alikuwa saiti, mbele ya Chunya kuelekea Makongolosi, kompyuta kaiunganisha kwenye simu na bando la siku. Programu yake ya barua ilikuwa ya aina inayovuta kila kitu chenyewe. Ikavuta hadi katikati, mtandao ukakatika, ikaanza upya kutoka mwanzo. Ikakatika tena. Bando likaisha, mchoro haujafika, na barua nyingine zote zilizokuwa nyuma ya ule mchoro zikakwama, ikiwemo moja ya mistari minne iliyomtaka asimamishe kumwaga zege. Alizipata siku ya pili alipofika mjini.

Tangu siku ile naliangalia suala hili kwa upande wa mpokeaji. Anayetuma yupo ofisini Mbeya kwenye Wi-Fi, hasikii uzito. Anayepokea ndiye anayelipia bando, na hakuulizwa. Barua pepe haina kituo cha njiani: ikikatika inaanza upya, iwe ndiyo kwanza imeanza au imebakiza kidogo.

Kuna na suala la nafasi. Mwalimu mkuu akituma kiambatisho cha MB 15 kwa walimu 40, kila sanduku linapata nakala yake. Ukishahesabu na ule unene, hizo ni zaidi ya MB 800 kwenye diski ya seva, kwa tangazo ambalo wengine watalisoma mara moja.

Basi mnashauri tuweke ngapi?

Kwa ofisi nyingi ninaweka MB 25. Inalingana na Gmail na Yahoo, kwa hiyo kinachotoka kwetu kina nafasi nzuri ya kupokelewa kwingine. Kwa shule ninashuka hadi 15. Zaidi ya 25 sipendi, hata kama seva ina diski kubwa, kwa sababu mtumaji atazoea kipimo ambacho nje ya ofisi yake hakuna anayekitambua.

Nina seva yangu ya Postfix. Ninabadilishaje?

Kwanza angalia kilichopo:

`postconf message_size_limit`

Namba utakayopewa ni baiti. MB 25 ni 1024 × 1024 × 25, yaani 26214400. Kisha:

`postconf -e 'message_size_limit = 26214400'`
`postfix reload`

Ukiishia hapo unaweza kujiletea shida nyingine. Kuna mpangilio uitwao `mailbox_size_limit`, ambao huja na baiti 51,200,000. Huu haupaswi kamwe kuwa mdogo kuliko kikomo cha ujumbe. Ukipandisha ujumbe hadi MB 60 ukausahau huu, barua za ndani zitakwama kwenye foleni na logi italalamika. Wenye masanduku ya kikoa waangalie pia `virtual_mailbox_limit`, nao huja na namba hiyohiyo. Ukiandika 0 umeondoa kikomo. Kwenye ukubwa wa sanduku hilo linakubalika kama kuna kitu kingine kinachosimamia nafasi ya kila mtumiaji. Kwenye ukubwa wa ujumbe, usifanye.

Wanaotumia Exim, programu nyingine ya seva ya barua, hukuta MB 50 zimewekwa tayari, kwa hiyo kazi yao mara nyingi ni kushusha.

Nimebadilisha seva lakini watu wanaosoma barua kwenye kivinjari bado wanakataliwa na faili la MB 3.

Hiyo ni PHP. Roundcube na wenzake, yaani kurasa za kusomea barua kwenye kivinjari, zimeandikwa kwa lugha ya PHP na hupandisha faili kupitia hiyo kabla seva ya barua haijaliona, na PHP ikiwa haijaguswa hukubali MB 2 kwa faili moja na MB 8 kwa jumla. Fungua php.ini, pandisha `upload_max_filesize` na `post_max_size`, na hii ya pili iwe kubwa kidogo kuliko ya kwanza. Kisha zima na uwashe PHP.

Nitajuaje seva inatangaza kikomo gani kwa wengine?

Tangu mwaka 1993 seva zimekuwa na namna ya kuambiana ukubwa kabla ya kubeba mzigo. Unganisha kwa telnet mlango wa 25, andika EHLO na jina la kompyuta yako, kisha tafuta mstari wenye SIZE. Ukiona `250-SIZE 26214400`, hapo umefika. Nyumbani huenda usifanikiwe, maana watoa huduma wengi wa intaneti hufunga mlango huo; fanyia kwenye seva yenyewe.

Mkataba wa kurasa 12 tu umekuwa PDF ya MB 64. Inawezekanaje?

Inawezekana, na huu ndio ugonjwa ninaoukuta kuliko mwingine wowote. Dawa yake iko kwenye skana, seva haihusiki.

Niliuona mkataba kama huo ulioskaniwa kwenye steshenari pale Mwanjelwa. Kijana alikuwa ameiacha mashine kwenye dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) za rangi, kwa nia njema kabisa, akiamini kubwa ndiyo safi. Ukurasa wa A4 kwa dpi 600 una nukta 4960 kwa upana na 7016 kwa urefu, karibu nukta milioni 35, na kila nukta ya rangi inabeba baiti 3. Kabla ya kubanwa, ukurasa mmoja ni zaidi ya MB 100. Ukurasa huohuo kwa dpi 200 za kijivu una nukta 1654 kwa 2339, baiti moja kwa nukta, haufiki MB 4. Tofauti ni mara 27, na wakili akiusoma kwenye kioo au akiuchapa hataona alichokosa.

Tuliuskani upya mimi na yule kijana. Herufi zilisomeka hadi zile ndogo za chini, na faili likaenda kwa barua pepe mara ya kwanza. Kilichopotea ni rangi ya mhuri: ule wa bluu ukawa wa kijivu. Kama anayepokea anataka kuona mhuri wa bluu au sahihi ya wino, skani ukurasa huo mmoja kwa rangi, dpi 200 zilezile, na zilizobaki ziwe za kijivu.

Kwa hiyo ukifika steshenari, iwe Mwanjelwa au Miyomboni kule Iringa, usiseme tu "niskanie". Sema, "Kaka, niwekee dpi 200, kijivu, PDF moja." Na kabla hujalipa, muulize ina MB ngapi. Akiona umeuliza, ataangalia.

Na picha za simu?

Simu nyingi za sasa hupiga picha ya nukta 4000 kwa 3000, na kila moja inakuja na MB 3 hadi 5. Ripoti ya shamba yenye picha 20 imeshavuka kikomo kabla hujaandika neno. Kwa picha ya kutazamwa kwenye kioo, upana wa nukta 1600 unatosha. Zipunguze kabla ya kuziingiza kwenye Word. Ukizivuta kona kwa kipanya zikaonekana ndogo, uzito uko palepale.

Kuzipi kunasaidia?

Kidogo sana. Picha za JPG, video na PDF za skana zimeshabanwa tayari, hata .docx na .xlsx kwa ndani ni zipu. Kunasaidia kwa CSV na maandishi matupu, na kwa kukusanya mafaili 30 kuwa kifurushi kimoja. Kumbuka pia kwamba Gmail haipokei programu za .exe hata ukizificha ndani ya zipu.

Vipi kulikata faili vipande vitano nikatuma barua tano?

Inawezekana kwa 7-Zip, programu ya kubana na kugawa mafaili, ila mimi siipendekezi. Kipande kimoja kikipotea, vingine vinne havina kazi.

Sasa nina MB 180 za michoro. Nizipitishe wapi?

Weka faili sehemu moja mtandaoni, utume linki. Gmail yenyewe, ukizidisha MB 25, inaliweka faili kwenye Google Drive na kubandika linki ndani ya barua. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, lakini ni nafasi moja kwa barua, Drive na picha kwa pamoja. OneDrive ya bure ni GB 5, Dropbox GB 2. Wenye vifaa vya Apple wana Mail Drop, inayobeba hadi GB 5 na kuifuta linki baada ya siku 30.

Ninaipenda njia hii kwa sababu inamrudishia mpokeaji uamuzi. Barua inamfikia ikiwa nyepesi hata akiwa Makete kwenye mvua, anasoma kilichomo, halafu anachagua mwenyewe: afungue sasa kwa bando lake au asubiri Wi-Fi. Ukikosea mchoro unabadilisha faili palepale na linki haibadiliki. Na mara nyingi upakuaji wa kivinjari ukikatika unaweza kuendelea pale ulipoishia.

Kosa linaloharibu kila kitu ni ruhusa. Mtu anatuma linki saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, mpokeaji anafungua Jumamosi, anaambiwa aombe ruhusa, mwenye faili yuko kanisani au harusini hadi Jumatatu. Kabla ya kutuma, ifungue linki yako kwenye dirisha la siri la kivinjari, lile lisilokujua. Ikikufungukia hapo, na yeye itamfungukia.

WhatsApp si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na inabeba hadi GB 2 kwa faili. Tuma kama hati, usitume kama picha, maana ukituma kama picha inabanwa na vipimo vya mchoro havisomeki tena. Telegram nayo ni GB 2 kwa akaunti ya kawaida. Ninayoizuia ofisi ni kuifanya WhatsApp kuwa kabati la nyaraka. Mtumishi akibadilisha simu au akihama kituo, mikataba inaondoka naye.

Ni nyaraka za wagonjwa, au mishahara, au mitihani. Linki inatosha?

Linki ya "yeyote mwenye linki" haitoshi. Mtu akiisambaza kwenye kundi, imetoka. Toa ruhusa kwa anwani ya barua pepe ya mtu mwenyewe, na ikishapakuliwa iondoe. Kama huwezi, funga faili kwa 7-Zip ukiweka nenosiri na usimbaji wa AES-256, kisha nenosiri litumie kwa SMS au ulitaje kwa sauti, lisipite njia moja na faili. Nimeona nenosiri limeandikwa kwenye barua ileile iliyobeba faili. Huko ni kufunga mlango na kuacha funguo kwenye kitasa.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inazihusu hata ofisi zenye watu wanne.

Nina MB 500 na mtandao wangu unasuasua. Itachukua muda gani?

Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti na faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 1 kwa sekunde, MB 500 ni sekunde 4000, saa moja na dakika saba, umeme usipokatika. Kasi ya kupandisha mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua, kwa hiyo usiipime kwa jinsi video inavyofunguka. Panga kazi hiyo usiku, bando za usiku zikiwa na nafuu, na tumia programu ya Drive ya kompyuta, ambayo mtandao ukirudi huendelea yenyewe.

Tunarekodi semina Iringa, tuna GB 60 za video za kupeleka Mbeya. Njia gani?

Basi. Ninasema kwa uzito wote. GB 60 kwa megabiti 2 kwa sekunde ni karibu siku tatu mfululizo. Diski ikipanda basi Ipogolo asubuhi, jioni iko Mbeya.

Iandae tu vizuri. Usitumie muundo wa FAT32, haubebi faili moja linalozidi GB 4, weka exFAT. Ifunge kwa nenosiri. Nakala ibaki Iringa mpaka wa Mbeya afungue na kuhakiki. Ifungie kwenye kitu kigumu, ipe ofisi ya basi kama kifurushi, chukua stakabadhi. Kumpa kondakta mkononi ni kubahatisha.

Sanduku langu limejaa. Nianzie wapi?

Kwenye Gmail andika `larger:10M` kwenye sehemu ya kutafutia. Zitajitokeza barua zote zinazozidi MB 10. Hifadhi unazozihitaji, futa nyingine, kisha nenda kwenye pipa la taka uzifute kabisa na humo, maana zilizomo bado zinakula nafasi hadi siku 30 zipite. Usisahau zile ulizotuma wewe. Mara nyingi nusu ya mzigo iko huko.

Mzee ninayemtumia hajui mambo ya linki. Nimwandikieje asiogope kuibonyeza?

Ana haki ya kuogopa, tumemfundisha sote kwamba linki ni za matapeli. Mpigie kwanza, umwambie inakuja. Halafu andika jina la faili, uzito wake, kilichomo, na mwisho wake. Nakala ninayowapa watu wangu ni hii, badilisha upendavyo:

"Shikamoo mzee. Ni mimi tuliyeongea mchana. Nimekuwekea ramani ya kiwanja kwenye linki hii hapa chini. Jina lake ni Ramani_Uyole, ina MB 180, kwa hiyo usiifungue kwa bando. Subiri ufike ofisini kwenye Wi-Fi. Kurasa mbili za muhimu, ule wa mipaka na ule wa sahihi, nimeziambatanisha hapahapa zikiwa na MB 1 tu, unaweza kuzisoma sasa. Linki itakuwepo hadi mwisho wa mwezi. Ikikusumbua nipigie, nitakuletea kwenye flashi."